Bwawa la Norris na barabara ya babu yangu

Wafanyabiashara wanaovuka pale Mugina kwenda Manyovu na kurudi wanazijua barabara za kwetu kwa miguu na kwa matairi. Iko moja ya udongo inayoacha upande wa Mabanda na kupanda kwenye kilima chetu. Mwenye baiskeli iliyobeba madumu manne ya mawese huisukuma karibu saa nzima kabla ya kufika juu, na mvua ikimkuta njiani anaweza kulala hapo hapo. Haina kibao wala jiwe la kuonyesha ilichongwa mwaka gani. Lakini mimi nawajua walioichimba, maana mmoja wao alikuwa babu yangu mzaa baba.

Babu hakunisimulia habari hiyo tukiwa Burundi. Alinisimulia Katumba, kule Mpanda, katika makazi ya wakimbizi ambako nilizaliwa mwaka 1982, miaka kumi baada ya familia yetu kukimbia mauaji ya 1972. Jioni alikaa chini ya mwembe na kuanza. Alikuwa kijana mdogo, Mbelgiji anatawala Ruanda-Urundi, na asubuhi mtu wa chifu anapita nyumba kwa nyumba kuita watu wa akazi. Neno hilo kwa Kirundi maana yake ni kazi tu, lakini mzee wa rika lake akilitamka unajua anasema kazi ya shuruti. Jembe lako, chakula chako, mgongo wako. Aliyechelewa alilazwa chini akachapwa kiboko. Nilimwuliza, "Babu, mlilipwa kiasi gani?" Alicheka mpaka akakohoa.

Nilikikumbuka kicheko hicho mwaka 2000 nikiwa kidato cha nne. Sisi watoto wa Katumba tulifuata mtaala wa Tanzania, na katika somo la historia mlikuwa na sura ya Mdororo Mkuu wa Uchumi. Mwalimu aliandika ubaoni: Oktoba 1929, soko la hisa la New York laanguka. Kufikia mwanzoni mwa 1933, katika kila Wamarekani wanne waliohitaji kazi, mmoja hakuwa nayo; jumla watu karibu milioni 13. Mabenki yanafungwa, na wakulima wengine wanachoma mahindi kwenye majiko kwa sababu bei yake iko chini ya bei ya makaa. Machi 1933 Franklin Roosevelt anaapishwa, na serikali yake inaanza kuwaajiri wasio na kazi wajenge barabara, madaraja, shule na mabwawa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, walilipwa wote? Hata wa beleshi?"

Darasa likacheka. Mwalimu akajibu kwamba walilipwa, kisha akaniambia nisipoteze muda, swali hilo halitatoka kwenye mtihani. Na kweli halikutoka.

Mwaka 2009 tukarudi nyumbani, kwa treni kutoka Mpanda hadi Kigoma, kisha kwa malori. Babu hakurudi, amelala Katumba. Wenzangu mliorudi na vyeti vya Tanzania mnajua ilivyochukua muda vyeti hivyo kukubaliwa. Nikisubiri vyangu, nilijiandikisha kuwa kibarua katika mradi mmoja wa kutengeneza barabara za vijijini. Jina la mradi naliacha. Barabara tuliyopangiwa ilikuwa ileile ya babu. Tulichimba mitaro, tukajaza mashimo kwa moramu, tukapanga mawe kwenye makalavati. Malipo yalihesabiwa kwa siku na yalitakiwa kutolewa kila baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Fedha zilipokuja, msimamizi alikuwa na orodha yake na sisi tulikuwa na yetu, na kwenye yake mimi nilipungukiwa siku kumi na moja. Jirani yangu, mjane aliyerudi na watoto watano, hakuwamo kabisa. Alibeba jembe lake akaenda nyumbani bila kusema neno.

Basi ndugu msomaji, ukiniona leo naandika habari za Marekani ya miaka ya 1930, usidhani nimepotea njia.

Shangazi yangu mwaka 1972 hakukimbilia Tanzania kama sisi. Alikwenda Rwanda, na Rwanda nako kukachafuka mwaka 1994, akakimbia tena hadi kambi za Kibondo. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilichukua maelfu ya Warundi wa namna hiyo, watu wa 1972 waliokimbia zaidi ya mara moja, na mwanawe alikuwa miongoni mwao. Alipelekwa Knoxville, mji wa jimbo la Tennessee, ambako mpaka leo kuna Warundi wengi wenye makanisa yao na ngoma zao. Siku moja alinitumia picha ya ukuta mkubwa wa zege uliozuia mto katikati ya vilima vya kijani. Chini yake aliandika: "Kaka, angalia bwawa hili. Wanasema lilijengwa wakati wa shida yao."

Lilikuwa Bwawa la Norris, mwendo mfupi kaskazini ya mji anaoishi. Nikaanza kusoma, na sijaacha.

Bonde la mto Tennessee mwaka 1933 lilikuwa miongoni mwa sehemu maskini kuliko zote Marekani. Mafuriko yalichukua mashamba, udongo wa vilimani ulikuwa umechoka, na katika sehemu kadhaa za bonde hilo malaria ilishika karibu watu 30 katika kila 100. Naam, malaria, Marekani. Mei 18 mwaka huo Roosevelt alitia saini sheria iliyounda Mamlaka ya Bonde la Tennessee, wenyewe huiita TVA kwa kifupi. Kazi ya Norris ilianza Oktoba, na kufikia Machi 1936 malango yalifungwa na ziwa likaanza kujaa. Ukuta una urefu wa zaidi ya mita 560 na kimo cha mita 80 hivi.

Kilichonigusa si ukuta wenyewe, ni jinsi walivyogawana kazi. Siku nzima iligawanywa kwa zamu nne za saa tano na nusu, kusudi ajira iwafikie watu wengi zaidi, na ili mtu akitoka zamu awe na muda wa kujifunza ufundi. Mkulima aliyeingia na nguvu za mikono tu alipewa nafasi ya kujifunza useremala au ufundi wa mashine au umeme. Mimi mwalimu nikisoma hivyo, nakumbuka zamu zetu za tangu alfajiri hadi jua kali, na sijui hata mmoja wetu aliyejifunza kitu kipya isipokuwa jinsi ya kusubiri.

Kusini mwa Knoxville ipo milima ya Great Smoky, ambako binamu yangu huwapeleka watoto wake. Njia nyingi za miguu na madaraja ya mawe katika hifadhi hiyo ni kazi ya vijana wa jeshi la misitu la Roosevelt, CCC, lililoanzishwa Machi 1933. Walichukua vijana wa familia maskini, wa umri wa miaka 18 hadi 25 mwanzoni, wakawaweka kambini, wakawapa sare, chakula na daktari. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola 25 hivi zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi, kijana akabaki na dola 5 za mfukoni.

Hapo ndipo sisi tuliokulia kambini tunaelewa haraka kuliko profesa. Zile dola 25 zililipia unga, viatu vya wadogo, kodi ya nyumba. Baba aliyefukuzwa kazi alipokea bahasha kutoka kwa mwanawe, na mwanawe alijua bahasha imefika. Wengi wa vijana hao waliingia wamekonda na wakanenepa katika miezi ya kwanza. Makumi ya maelfu walijifunza kusoma na kuandika jioni, kambini, baada ya kazi. Mpaka mpango ulipofungwa mwaka 1942, karibu vijana milioni 3 walikuwa wamepita humo, na miti waliyoipanda inahesabiwa kuwa bilioni 3 hivi. Leo hifadhi ya Great Smoky hupokea matembezi mengi kwa mwaka kuliko hifadhi yoyote nyingine ya taifa Marekani. Wanaotembea wanapita juu ya mawe yaliyopangwa na watoto wa watu waliokosa chakula.

Nao umeme? Katikati ya miaka ya 1930, katika mashamba kumi ya Marekani ni moja tu lililokuwa na taa ya umeme. Makampuni yalisema kupeleka nguzo vijijini hakulipi. Serikali ikaunda chombo cha umeme vijijini mwaka 1935, kikawakopesha wakulima fedha ili waunde vyama vya ushirika na kuvuta nyaya wenyewe. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1950 mashamba zaidi ya tisa katika kumi yalikuwa na umeme. Vyama hivyo vingi viko hai mpaka leo. TVA nayo ipo, bado mali ya serikali, ikiwapatia umeme watu karibu milioni 10 katika majimbo saba, ingawa sasa nyuklia na gesi zimeyapita mabwawa. Bili anayolipa binamu yangu kila mwezi, huyu aliyezaliwa kwa taa ya kibatari, fedha yake inafika huko. Na malaria? Walishusha na kupandisha maji ya maziwa makusudi ili mazalia ya mbu yakauke, wakaongeza dawa na wavu madirishani, na kufikia mwaka 1947 ugonjwa ulikuwa karibu umekwisha katika bonde lile.

Lakini msomaji asidanganyike kwamba nasimulia peponi. Binamu yangu huenda kuvua samaki katika ziwa la Norris, na sehemu pana kuliko zote ya ziwa hilo huitwa Bahari ya Loyston. Alifikiri ni jina la kifahari tu. Loyston kilikuwa kijiji, na sasa kiko chini ya maji. Karibu familia 3,000 zilihamishwa kupisha ziwa, na makaburi zaidi ya 5,000 yalifukuliwa na kupelekwa kwingine. Mwenye hati ya shamba alilipwa. Mpangaji aliyelima shamba la mwenzake maisha yake yote aliondoka bila kitu.

Nilipomwambia hayo kwenye simu alinyamaza kidogo. Mama yake alikufa akidai shamba la michikichi upande wa Nyanza-Lac, ambalo tulipofika tulikuta lina mwenyewe mwingine mwenye karatasi. Kisha akasema, "Kumbe navua juu ya uwanja wa watu."

Lipo na la rangi ya ngozi. Sheria ya CCC ilikataza ubaguzi waziwazi. Kipengele hicho kilitiwa na Oscar De Priest, mbunge pekee mweusi wa wakati ule. Hata hivyo vijana weusi, takriban 200,000, waliwekwa wengi wao katika kambi za peke yao. Karibu na bwawa TVA ilijenga mji wa mfano, nao pia ukaitwa Norris, wenye nyumba za umeme na bustani, na watu weusi hawakuruhusiwa kuishi humo. Wanawake nao walipata makombo. Katika shirika kubwa zaidi la kazi, WPA, ajira ilikuwa ya mtu mmoja kwa kila nyumba, na huyo kwa kawaida alikuwa mwanamume. Ila katika jimbo jirani la Kentucky wanawake waliajiriwa kupeleka vitabu milimani kwa farasi na nyumbu, wakivuka vijito kufikia shule zisizo na barabara, kwa dola 28 hivi kwa mwezi. Ningekuwa na uwezo ningetundika picha yao katika kila ofisi ya mkuu wa shule.

WPA hiyo, iliyodumu kuanzia 1935 hadi 1943, iliajiri watu wapatao milioni 8 na nusu. Barabara zilizojengwa au kutengenezwa zilipita kilomita milioni 1. Wakosoaji walichora vibonzo vya vibarua wameegemea mabeleshi, na kuna uvivu uliokuwapo kweli. Wala ukosefu wa kazi haukuisha kwa mipango hiyo. Uliisha vita ilipokuja na viwanda vikaanza kuunda ndege na mizinga. Hayo yote nayakubali. Lakini daraja haliulizi kama uchumi ulikua kwa asilimia ngapi mwaka lilipojengwa.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu miaka ni ileile. Wakati kijana wa Tennessee anatuma dola 25 kwa mama yake, babu yangu anachimba bure. Huku nako Mdororo ulifika: bei za mazao zilianguka lakini kodi ya kichwa haikuanguka, na Wabelgiji wakaamuru wananchi wapande kahawa. (Kahawa hiyo ndiyo mpaka leo inaiingizia Burundi fedha za kigeni, nayo sijaiona katika kitabu chochote ikiitwa kazi ya umma ya wakati wa Mdororo.) Vijana wengi walitoroka. Walivuka kwenda Uganda kulima pamba za watu, au Tanganyika kukata mkonge wakiitwa manamba. Hebu fikiri: unakimbia barabara ya kwenu isiyolipa, unapita juu ya barabara hiyohiyo kwenda kutafuta anayelipa. Babu naye alifanya hivyo, akakaa misimu miwili, akarudi na baiskeli. Nadhani ndiyo baiskeli ya kwanza kushuka kilima kile.

Kuna uzi mwingine unaounganisha pande hizi mbili, na huu si wa kukisia. Mwaka 1935 vumbi la mashamba yaliyoharibika ya katikati ya Marekani lilipeperuka hadi Washington, na bunge likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Vijana wa CCC wakatumwa kuchimba makinga maji na kupanda miti ya kuzuia upepo, na kuanzia 1936 mkulima aliyehifadhi udongo wake alilipwa na serikali. Maofisa wa kilimo wa Kiingereza katika Afrika Mashariki walisoma habari za vumbi lile wakaingiwa na hofu, nao wakataka matuta vilimani. Matuta yalikuja, malipo hayakuja nayo. Badala yake zilikuja faini na amri. Wazee wa Murang'a nchini Kenya wanakumbuka, na Waluguru wa Morogoro waliyakataa mpaka damu ikamwagika mwaka 1955. Kwetu Wabelgiji walilazimisha mifereji ya kuzuia mmomonyoko vilima kwa vilima, na uhuru ulipofika mwaka 1962 watu wengi waliiacha ikazibwa na majani. Wataalamu wakaja baadaye kutufundisha kwamba mifereji ni mizuri. Ni kweli ni mizuri. Lakini mtu aliyechapwa ili achimbe mfereji hawezi kuutunza kama wa kwake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopima urithi wa kazi zile kwa mita za zege. Barabara ya Wabelgiji nayo imedumu, naipita kila Jumatatu kwenda shuleni. Kwa hesabu ya kudumu tuko sawa na Tennessee. Tofauti ni kwamba kule mjukuu anampeleka mtoto wake kwenye daraja la mawe na kusema babu yako alipanga haya, na kuna jina katika orodha ya malipo. Huku mjukuu anashusha sauti.

Na hilo la majina walilifanyia kazi pia. WPA iliajiri waandishi waliokosa kazi, ikawatuma kuwauliza watu maisha yao. Kati ya 1936 na 1938 walikusanya simulizi zaidi ya 2,300 za watu weusi waliowahi kuwa watumwa, wazee wa miaka 80 na 90, wakati bado wapo. Leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Zina kasoro, kwani wengi wa waliouliza walikuwa weupe na mzee alijua la kusema na la kumeza. Hata hivyo zipo. Kazi ile haikuhitaji saruji. Ilihitaji kalamu na mshahara mdogo.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la nane kazi ya Kiswahili. Kila mmoja amwulize mtu mzee kuliko wote kilimani kwao maswali matatu: barabara yetu ilichimbwa na nani, alikula nini siku hiyo, alilipwa nini. Wengi walirudi na mstari mmoja mmoja. Wengine walirudi na majina, na sasa nina daftari lenye majina 43, mengi yakiwa ya watu waliokufa uhamishoni. Jina la babu nililiandika mwenyewe. La yule mjane jirani yangu pia nililiandika, pamoja na siku zake.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alimwuliza bibi yake, ambaye baba yake aliitwa akazi mpaka miaka ya 1950. Bibi alisikiliza maswali yote matatu bila kukatiza, akamtazama mjukuu wake, kisha naye akauliza: "Hao waliokutuma, wameleta malipo ya baba yangu?"

Mtoto hakujua la kujibu. Aliliandika swali hilo hivyo hivyo kwenye mstari wa jibu, akaniletea daftari nisahihishe.